Ndege wa Uani Kwetu, Kutoka Kasongo Hadi Kabambare

Wiki hii mvua imekuwa ikitunyeshea karibu kila siku mnamo saa nane, na ikifika saa kumi inakatika. Hapo ndipo Kasongo inapokuwa nzuri. Vumbi limelala, jua halichomi tena, na upepo unaotoka upande wa Lualaba una ubaridi kidogo, hata mwenye kitenge cha pili anajitanda mabegani. Sombe iko jikoni inachemka, nayo sombe haitaki haraka. Tukikaa barazani na ungo wa mchele tunachambua mawe, tunapata nusu saa ya kufanya jambo ambalo hakuna anayelihesabu kuwa ni jambo: kuangalia ndege wa uani.

Wa kwanza kuonekana, au tuseme wa kwanza kusikika, ni minana. Karibu kila ua wenye mngazi una minana wake, na kelele zao ni kama soko la asubuhi kabla bei hazijakubaliwa. Dume amevaa manjano, kichwa cheusi kama aliyekiingiza ndani ya chungu chenye masizi, na jicho lake ni jekundu. Mtazameni anavyofanya kazi. Anashika ukingo wa jani la mngazi kwa mdomo, anaukata kidogo, kisha anaruka nao, na jani linachanika utepe mrefu. Utepe huo anaufunga kwenye kitawi, anaongeza wa pili na wa tatu, mpaka apate pete ya kusimama ndani yake. Akishapata pete, anasuka mbele yake na nyuma yake bila kuhama mahali. Sisi tunaosuka mikeka tunajua ugumu wa kuanza; yeye anaanza akiwa ananing'inia hewani, hana sakafu wala goti la kuegemezea.

Nyumba ikiisha, dume anajining'iniza chini ya mlango, anapiga mabawa na kupiga kelele: njooni muone. Jike anakuja. Anaingia, anavutavuta nyuzi za ndani kwa mdomo, anatoka, anatazama, pengine anarudi tena. Asiporidhika anakwenda zake kwa jirani. Kiota kinapoanza kukauka na kugeuka rangi ya kahawia, majike hawakitaki tena, na fundi mwenyewe hukibomoa uzi kwa uzi na kuanza kipya mahali palepale. Mama mmoja mzee wa kikundi chetu husema kwamba huyu ndiye bwana harusi pekee anayeonyesha nyumba kabla ya kupeleka posa. Lakini msimsifu sana: dume mmoja huwa na majike kadhaa kwa wakati mmoja, kila mmoja na kiota chake, na kulalia mayai ni kazi ya majike peke yao.

Katikati ya kelele hizo, mwenye sikio atasikia mlio mwingine, mkali, unaopanda na kurudiwarudiwa wakati wa mvua. Ni kekeo mdogo wa kijani kinachong'aa. Huyu hajengi. Anavizia jike wa mnana atoke, anaingia na kuacha yai lake humo, na mtoto wake atalelewa na mwingine. Mnana naye si mjinga. Kila jike hutaga mayai ya rangi yake mwenyewe: mmoja meupe, mwingine ya buluu ya kijani, mwingine yenye madoadoa, na rangi hiyo haibadiliki kwake maisha yote. Akikuta yai lisilofanana na yake analitupa nje. Kwa hiyo mkiokota chini ya mngazi yai lililovunjika, msiwalaumu watoto haraka haraka.

Wapo wanaosema mngazi wenye viota ukatwe, kwa sababu minana huchana majani yote mpaka mti unabaki mifupa mitupu. Ni kweli kwamba mngazi uliochanwa sana huzaa vishada vichache, na anayetegemea mawese ya kuuza sokoni ana haki ya kukasirika. Maoni yetu ni kwamba mngazi mmoja wa uani uachiwe ndege, na ile ya shambani ilindwe. Mti wa miaka mingi haukatwi kwa hasira ya msimu mmoja.

Wengine wa uani tuwapitie upesi. Shore, yule wa rangi ya udongo mwenye kichwa cheusi na manjano chini ya mkia, huamka kabla ya adhana au sambamba nayo, na hutoboa papai siku moja tu kabla hujalichuma. Chozi, mwenye mdomo uliopinda kama sindano ya gunia, hunyonya maua. Jike lake hufunga kiota kwa utando wa buibui, wakati mwingine karibu sana na mlango wa jikoni, na ukikaa kimya atakuzoea. Kuna kindege cheusi na cheupe kinachotembea kwenye uwanja uliofagiwa huku kikitikisa mkia; wazee wetu hawakuruhusu kiuawe, na sisi hatuoni sababu ya kubadili. Tetere huja kuokota punje chini ya kinu. Kunguru mwenye fulana nyeupe huja kuiba sabuni.

Mwewe huja kuiba mtoto. Hapo ua mzima husimama. Kuku jike humwona kabla yetu, hutoa ule mlio mmoja wa chini, na vifaranga hupotea chini ya mabawa yake au chini ya kitanda cha kuanikia vyombo. Watoto wetu hupiga kelele, mbwa hubweka bila kujua anabweka nini. Mwenye vifaranga na awape kichaka au tenga la kujifichia katikati ya uwanja katika majuma yao ya kwanza. Uwanja uliofagiwa mweupe bila kitu chochote ni sahani iliyopakuliwa kwa ajili ya mwewe.

Giza likiingia, bundi. Hapa tuseme wazi, maana maneno ya bundi hayaishii kwa bundi. Akilia juu ya paa watu huuliza nani ataondoka, na asubuhi macho huanza kumtafuta mama mzee anayeishi peke yake. Tumeona mama wa namna hiyo akihama mtaa kwa sababu ya mlio wa ndege. Bundi amefuata panya. Panya wamefuata mpunga wetu na karanga zetu ndani ya nyumba. Yeye humeza panya mzima, kisha hutapika kidonge cha manyoya na mifupa. Mkikuta vidonge hivyo chini ya mwembe, vivunjeni kwa kijiti mbele ya watoto, muwaonyeshe taya za panya. Mtoto aliyeona taya za panya hatamwogopa bibi wa jirani.

Mwezi huu wa nne kuna wageni wanaoaga. Mbayuwayu, wale wenye mkia uliogawanyika mithili ya mkasi na koo jekundu la kutu, wamejaa kwenye kamba za nguo na kwenye mnara wa simu. Walifika mvua za mwaka jana zilipoanza kukolea. Sasa wanarudi Ulaya, ambako baridi inaisha na majani yanachipua, wakajenge viota vya udongo ndani ya mazizi na chini ya mapaa ya watu. Mbayuwayu mmoja ana uzito wa gramu 20 hivi, kama vijiko vitano vidogo vya sukari, na kwa uzito huo atavuka msitu wetu wote, kisha jangwa la Sahara, kisha bahari. Huko waendako wako watu wanaowangojea. Uingereza, tangu mwaka 1979, familia hukaa dirishani saa moja mwishoni mwa mwezi wa kwanza na kuandika ndege wote wanaotua kwenye bustani yao, na hesabu hizo zimewasaidia kujua ni ndege gani wanaopungua. Ni saa moja na karatasi tu. Watoto wetu wa darasa la tano wanaweza kazi hiyo, na kwa ndege tulio nao karatasi haitatosha.

Wale kati yetu wanaokwenda Kabambare kwa biashara ya chumvi, mawese na karanga wanajua kwamba ndege hubadilika njiani. Tukitoka Kasongo kuelekea mashariki, mara ya kwanza ni vichaka, nyasi ndefu na mashamba, na yangeyange weupe wakifuata mbuzi. Miembe mikubwa iliyo kando ya njia na vijijini ni ukumbusho wa misafara. Katika karne ya 19 watu wa pwani walivuka ziwa kutoka Ujiji, wakapita Kabambare, wakafika Kasongo na Nyangwe kutafuta pembe za ndovu, na wakachukua watu pia. Tunalisema hilo kila tunapopumzika kivulini, kwa sababu kivuli ni kizuri na sababu yake haikuwa nzuri. Waliacha miembe, wakaacha Kiswahili hiki tunachokiandika, wakaacha na mpunga. Tutarudi kwenye mpunga.

Kwenye Luama, wakati tunangoja kuvuka, mdiria mweusi na mweupe husimama hewani mahali pamoja, mabawa yakitetemeka, halafu hujitupa majini kama jiwe. Baada ya mto, penye misitu ya kando ya vijito, tunaanza kusikia hondohondo kabla ya kumwona. Mabawa yake yana sauti, kama mtu anafagia angani. Mama mwenye mimba aliyekuwa nasi safari moja hakutaka kuondoka mpaka asimuliwe habari zake zote, nasi tukamsimulia. Jike wa hondohondo akitaka kutaga huingia ndani ya tundu la mti, na mlango huzibwa kwa udongo mpaka ubaki ufa mwembamba. Humo hukaa wiki nyingi, analalia mayai na kulea, na dume humletea matunda na kumlisha kupitia ufa ule, yeye na watoto. Dume akipigwa risasi au akinaswa, waliomo ndani hawana wa kuwalisha. Huyo mama alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama kuna mwanamume wa Kabambare anayejua habari hizi.

Kasuku wa kijivu mwenye mkia mwekundu zamani alikuwa akipita juu ya vijiji jioni, makundi kwa makundi, akienda kulala. Mama zetu walijua saa kwa kasuku. Siku hizi tunahesabu wawili, watatu. Vijana hutumwa kutafuta mashimo ya miti mirefu, huchukua makinda, na wakubwa hunaswa kwa ulimbo. Husafirishwa wamesongwa ndani ya masanduku, na wengi hufa njiani kabla hawajafika kwa mnunuzi. Kasuku hutaga mayai mawili, matatu, manne basi, na huishi miaka mingi, kwa hiyo msitu uliokwisha kasuku haujazwi upya haraka. Mwaka 2016, katika mkutano wa Johannesburg wa nchi za mkataba wa CITES, ilikubaliwa kwamba kasuku hawa wa porini wasiuzwe tena kutoka nchi hadi nchi, na sheria ikaanza kufanya kazi mwaka 2017. Kijana anayepanda mti hana habari na mkutano. Ana habari na ada ya sekondari ya mdogo wake. Tukitaka aache ulimbo lazima tuzungumze naye kuhusu ada, na hapo ndipo likelemba yetu inapohusika zaidi kuliko hotuba.

Kuna hadithi moja ya ndege wa misitu yetu ambayo tunapenda kuwasimulia mabinti. Mwaka 1913 mtaalamu mmoja Mmarekani, James Chapin, alikuwa Ituri akikusanya ndege, akapata unyoya mmoja uliokuwa umechomekwa kwenye kofia ya mwenyeji. Hakuujua. Aliutunza miaka zaidi ya 20. Mwaka 1936 akiwa katika jumba la makumbusho la Tervuren, Ubelgiji, aliona juu ya kabati ndege wawili waliokaushwa, wameandikwa kuwa ni tausi wachanga wa kawaida, na unyoya wake ukafanana na wao. Wakatambuliwa kuwa ni tausi wa Kongo, ambaye haishi nchi nyingine yoyote duniani. Magazeti yaliandika kwamba ndege amegunduliwa. Mwenye kofia bila shaka alishangaa, kwa kuwa yeye alikuwa ameshamla. Ndege huyo yumo hata katika misitu ya Maniema, anatembea chini ya miti mikubwa wawili wawili.

Sasa mpunga.

Uani tunawapenda ndege. Shambani hatuwezi kuwapenda hivyo hivyo, na tusijidanganye. Mpunga wa msimu wa pili sasa unatoa masuke, na punje zikiwa bado na maziwa, minana hushuka pamoja na vile vindege vidogo vya mdomo mnene, mia kwa mara moja. Vinakaa kwenye suke mpaka linapinda, vinakamua maziwa, na kinachobaki ni ganda. Asiyelinda havuni. Hilo mababu walilijua, na jibu lao lilikuwa mtoto. Mtoto anajengewa kilingo, anapewa kombeo, kopo la kugonga na sauti yake, na anakaa humo mpaka mavuno.

Mtoto huyo kwa kawaida ni nani? Tembeeni asubuhi katika mashamba yaliyo karibu na njia ya Kabambare, mtazame vilingo. Wavulana wapo, lakini wengi ni wasichana wa miaka minane, tisa, kumi. Tangu mwezi wa tisa wa mwaka 2019 shule ya msingi ya serikali ni bure, na wengi wetu tulishangilia, kwa sababu ada ndiyo iliyokuwa ikimrudisha binti nyumbani. Ada imeondoka na ndege amebaki. Ndege hula alfajiri mpaka saa tatu hivi, hupumzika kwenye joto, hurudi tena saa tisa hadi jua kuchwa. Saa zake za asubuhi ndizo saa za darasa. Binti anayelinda wiki tano au sita akirudi anakuta wenzake wamefika kwenye sehemu za hesabu na yeye bado yuko kwenye kugawanya. Mwaka wa pili anakaa nyuma. Mwaka wa tatu tunasikia hana akili za shule. Sisi tuliokaa kwenye vilingo hivyo tunajua akili zetu zilikuwa wapi: zilikuwa zinahesabu ndege.

Katika kikundi chetu tumejaribu mambo kadhaa msimu huu, tunayaandika hapa kwa faida ya vikundi vingine. Lililosaidia kuliko yote ni kupanda pamoja. Mashamba yanayopakana yalipandwa wiki moja, mbegu ya aina moja, kwa hiyo yanatoa masuke pamoja. Shamba linalotangulia kuiva hubeba ndege wa kijiji kizima, na linalochelewa vilevile. Yakiiva kwa pamoja ndege wanagawanyika, na kila mtu anapoteza kidogo. La pili ni zamu za watu wazima. Mashamba sita yakipakana, walinzi wawili wanatosha, mmoja kila upande, badala ya watoto sita. La tatu ni kamba. Tumefunga kamba kutoka kilingoni hadi pembe za shamba, zimening'inizwa makopo yenye mawe, ukivuta moja yanalia yote. Utepe wa kaseti za zamani uliovutwa sana kati ya miti miwili hupiga mluzi wenyewe kwenye upepo, na ndege huuogopa siku nne, tano, kisha huuzoea, basi uhamisheni. Sanamu ya nguo za baba tulisimamisha pia. Siku ya tatu mnana alikuwa amekaa kwenye kofia.

Sumu hatuitumii. Mtu anayemwaga sumu ya dukani juu ya nafaka ili aue ndege anaua na kuku wa jirani, na watoto huokota ndege waliokufa wakachoma. Vilevile, minana hao hao huwalisha makinda yao viwavi na wadudu.

Upinzani upo. Baba wengine wanasema mke wa mtu hawezi kukaa kilingoni kama mtoto, na mama wengine wanasema asubuhi ni saa za soko. Yote mawili ni kweli kidogo. Ndiyo maana zamu ni ya saa tatu tu, kutoka alfajiri hadi saa tatu, kisha anayefuata sokoni anakwenda. Baba wawili wamekubali kuingia kwenye orodha. Majina yao hatuyaandiki wasije wakachekwa, lakini mashamba yao yanaonekana.

Orodha ya wiki ijayo iko kwenye daftari kwa mwekahazina. Mama mwenye mtoto mchanga amepangiwa jioni, wakati watoto wa shule wamerudi na wanaweza kumshikia mtoto. Kila mtu aje na kopo lake, kamba, na kitenge cha kujitanda, kwa maana alfajiri za mwezi huu zina ubaridi. Mwenye kaseti mbovu nyumbani asiitupe.